Tukijifagilia Barabara Wenyewe, Baraza la Jiji Lifanye Nini?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu mitaro, taa, takataka na walinzi wa usiku katikati ya miji yetu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba swali la wengine wote, na kwa sababu mimi mwenyewe liliwahi kunikuta. Niliuza vitenge miaka kumi na saba, kwanza katika mji ambao sitautaja, halafu hapa Arua, Uganda, kabla sijashika kalamu ya kujibu barua zenu. Habari ya mtaro ulioziba mbele ya duka naijua mpaka harufu yake.

*

Hajati, salaam aleikum. Nina duka la vifaa vya ujenzi katikati ya jiji. Barabara yetu ina maduka 46, kuanzia kona ya benki hadi stendi ya boda. Mvua ikinyesha mtaro unafurika, maji yanaingia dukani. Mwezi wa nne niliharibikiwa na mifuko 11 ya saruji. Usiku zinawaka taa mbili tu. Tulikaa kikao tukakubaliana kila duka litoe shilingi 20,000 kwa mwezi, tuajiri wafagiaji wanne na walinzi wawili. Kijana mmoja aliyesoma nje akatuambia kwamba huko mpango kama huu una sheria yake, na baraza la mji lina sehemu yake ndani. Tukaenda kuwaeleza watu wa baraza letu. Ofisa tuliyemkuta alifurahi sana, akasema, "Vizuri, basi lori letu la takataka tutalipeleka mtaa mwingine." Tukatoka hatuna la kusema. Sasa maduka 14 yamegoma kuchangia. Wanauliza: leseni na kodi ya majengo tunayolipa kila mwaka zinafanya kazi gani? Hajati, tukijilipia usafi na ulinzi, baraza limebakiwa na kazi gani? Na hao 14 tufanye nao nini?

Muuza saruji na misumari (jina na jiji nimeyahifadhi kwa ombi lake)

Aleikum salaam, ndugu yangu. Pole kwa saruji. Nianze na hilo lori, maana hapo ndipo juhudi kama zenu zinapofia.

Katika mji wangu wa kwanza tulikuwa na kamati ya barabara, maduka kama 30 hivi. Mweka hazina wetu alikuwa mzee muuza viatu, mtu mwaminifu kabisa. Aliandika michango katika daftari la kurasa 96, la watoto wa shule, jalada lake lina doa la mafuta ya taa. Mwezi wa kwanza kila jina lilikuwa na tiki. Mwezi wa pili tukakosa matatu. Mwezi wa tatu lori la takataka likaacha kuja, na tulipouliza tukajibiwa, "Si nyinyi mna watu wenu?" Wafagiaji wetu walikuwa wanafagia vizuri, lakini wanalimbikiza uchafu kwenye kona moja na hakuna wa kuuzoa. Mbwa wakauchambua, mvua ikausukuma kwenye mtaro. Watu wakasema, basi tunalipia nini? Mwezi wa tano daftari lilikuwa na tiki tisa. Jioni moja mama aliyekuwa akifagia upande wetu akaingia dukani kwangu, akalaza ufagio wake juu ya vitenge nilivyokuwa nimevikunjua kwa mteja, akasema, "Mama, shikeni ufagio wenu." Nilimlipa mwezi ule kutoka mfukoni mwangu, na kamati ikaishia hapo.

Kosa letu halikuwa kwa mzee wa viatu. Tulianza kulipa kabla ya kuandikiana na halmashauri kwamba yenyewe itaendelea kufanya nini. Kwa hiyo pesa yetu haikuongeza kitu juu ya huduma iliyokuwepo. Ilichukua nafasi yake. Huyo ofisa wenu, hata kama alisema kwa nia njema, amewaonyesha njia ile ile.

Sasa huyo kijana aliyesoma nje hakuwadanganya. Jambo hili lilianzia Toronto, Kanada, mtaa unaoitwa Bloor West Village, mwaka 1970. Maduka makubwa yenye maegesho ya magari yalikuwa yanawanyang'anya wateja, na treni mpya ya chini ya ardhi imewaondoa abiria barabarani, watu wanapita chini ya miguu ya wenye maduka bila kuyaona. Wafanyabiashara wakataka kuchangishana wapendezeshe mtaa wao, wakakwama palepale mlipokwama nyinyi: asiyelipa anaangaziwa na taa ile ile ya aliyelipa. Walikwenda serikalini kuomba sheria, wakachora mpaka wa mtaa wao, na kila mwenye biashara ndani ya mpaka ule akatakiwa kutoa. Baraza la mji likapewa kazi ya kukusanya mchango pamoja na kodi zake, kisha kuikabidhi kamati ya mtaa fedha ile. Mpaka leo bajeti ya kamati za namna hiyo kule Toronto hupita mbele ya baraza kila mwaka.

Waingereza walitunga sheria yao mwaka 2003, na eneo la kwanza, Kingston upon Thames, likaanza kazi mwaka 2005. Nawapenda kwa mambo mawili. Kwanza ni kura. Mpango haupiti mpaka upate wingi wa namna mbili: wingi wa waliopiga kura, na wingi wa thamani ya majengo ya waliopiga kura. Hivyo duka kubwa haliwezi kuyaburuta madogo, wala madogo hayawezi kulitwisha kubwa mzigo peke yake. Tena muda wake hauzidi miaka mitano. Ukiisha, mnapiga kura upya, na kamati iliyolala inaondolewa hapo. Baraza ndilo linaloendesha kura hiyo, linakusanya mchango, linauweka katika akaunti ya peke yake isiyochanganywa na fedha nyingine. Na kama baraza lina majengo ndani ya mpaka, nalo linalipa kama duka lolote.

Jambo la pili ndilo ninalotaka mlishike. Kabla ya kura, baraza linatoa karatasi inayoeleza huduma linazozitoa sasa katika mtaa ule: linafagia siku zipi, linazoa takataka mara ngapi, taa ziko ngapi na nani anazitengeneza. Mchango wa wafanyabiashara unaanzia pale karatasi ile inapokomea.

Ndugu yangu, karatasi hiyo muipate kabla hamjatoa shilingi nyingine. Andikeni barua kwa karani mkuu wa jiji, nakala kwa mwenyekiti wa divisheni, yaani sehemu ya jiji yenye baraza lake dogo, na kwa diwani wenu. Ulizeni mambo yanayohesabika. Lori linapita barabara yetu siku zipi? Mtaro ulizibuliwa lini mara ya mwisho, na umepangiwa kuzibuliwa lini tena? Nguzo za taa ni ngapi, zinazowaka ngapi, bili ya umeme analipa nani? Kama jibu ni kwamba lori huja mara moja kwa wiki, liandikwe mara moja kwa wiki. Msiwalazimishe waandike ahadi nzuri wasiyoweza kuitimiza. Huduma ndogo iliyoandikwa ikapigwa muhuri mtaweza kuidai, na ile kubwa ya mdomoni hamtaweza.

Wakikaa kimya, Uganda tuna Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005. Raia akiomba taarifa kwa maandishi, ofisi ya umma inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Itajeni sheria hiyo katika aya ya kwanza ya barua yenu, kwa adabu. Nimeona barua iliyolala miezi mitatu ikijibiwa wiki moja baada ya kuandikwa upya namna hiyo.

Na msianzie kwa meya, anzieni divisheni. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, ndani ya jiji divisheni ndiyo inayokusanya mapato. Inabaki na asilimia 50 na kupeleka asilimia 50 juu. Kwa hiyo nusu ya leseni zenu iko kwenye ofisi mnayoweza kuifikia kwa miguu. Kuhusu kodi ya majengo, hao 14 wana hoja ya haki kabisa, na mimi naiunga mkono. Sheria ya kodi hiyo ya mwaka 2005 inataka isiyopungua asilimia 75 ya fedha inayokusanywa itumike kwa huduma za watu wa eneo: barabara, taa, mitaro, uzoaji wa takataka na mipango miji. Nendeni mkutano wa bajeti wa jiji na swali moja tu: katika fedha iliyotoka barabara yetu mwaka jana, kiasi gani kilirudi?

Kuhusu kuwalazimisha, hapana. Uganda hatuna sheria ya namna ya Toronto au Uingereza inayompa mtu mamlaka ya kumtoza jirani yake mchango wa barabara. Katiba yetu, ibara ya 152, inasema hakuna kodi itakayotozwa bila sheria ya Bunge. Baraza la jiji linaweza kutunga sheria ndogo, lakini ni lazima ipitie kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ithibitishwe kwamba haigongani na Katiba wala na sheria za Bunge. Safari hiyo ni ndefu. Kama mna wanasheria na subira, ianzeni, lakini barabara haiwezi kuisubiri. Kwa sasa mchango wenu ni wa hiari. Akitokea mtu wa ofisi akawaambia, "Asiyelipa 20,000 tutamnyima leseni," mkataeni hapo hapo, hata kama anasema kwa faida yenu. Leo anamfanyia jirani, kesho atakufanyia wewe.

Nimewapigia hesabu. Maduka 46 kwa 20,000 ni 920,000 kwa mwezi. Tuseme mfagiaji analipwa 120,000 na mlinzi 180,000: wafagiaji wanne ni 480,000, walinzi wawili 360,000, jumla 840,000. Zinabaki 80,000 za glavu, mafagio, tochi na betri. Waondoe hao 14: mnabaki na 640,000, mmepungukiwa 200,000 hata kabla ya glavu. Msianze na mpango wa watu 46 mkiwa na pesa ya watu 32. Anzeni na wafagiaji watatu na mlinzi mmoja, 540,000, kwa miezi sita. Barabara ikibadilika na ile karatasi ya baraza ikiwa imebandikwa ukutani, baadhi ya wale 14 watakuja wenyewe. Mkianza na kubwa likavunjika mwezi wa tatu, hata hao 32 mtawapoteza.

Baraza pia lina kazi ambayo pesa yenu haiwezi kuinunua. Mtaro ule unaowajaza maji haukomei kwenye barabara yenu. Unatoka juu na kwenda chini, pengine umezibwa mita 300 mbele na ukuta wa mtu. Injinia wa jiji ndiye mwenye ramani na mamlaka ya kuufuata. Mkiufunika wenyewe kwa vibamba vya zege mbele ya maduka yenu, mtahamishia mafuriko kwa jirani, na siku ukiziba chini ya zege hamtaona wapi. Mwombeni aje atembee nanyi mvua ikiwa inanyesha. Kiangazi kila mtaro unaonekana mzima.

Akaunti ya kamati iwe na watia saini watatu kutoka madukani. Mtu wa divisheni akaribishwe kwenye vikao, asikilize, aulizwe, ila asitie saini hundi. Mkijiandikisha kama kikundi cha jamii kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, mtakuwa na jina ambalo baraza linaweza kuandikiana nalo makubaliano. Bila hilo, kila diwani mpya atawaambia hawajui nyinyi ni nani.

*

Hajati, pole na kazi. Mimi ni mwenye jengo, sina duka. Ni jengo la ghorofa moja Main Street, Jinja, la zamani, lenye baraza ya nguzo mbele. Wapangaji wangu watano wako katika umoja wa kuboresha barabara na wanataka nichangie. Kodi ya majengo nalipa. Je, nina wajibu? Na nikichangia, naruhusiwa kupandisha pango?

Mwenye nyumba, Jinja

Asante, mzee wangu. Wajibu wa kisheria huna. Lakini swali la nani atoe, mwenye jengo au mpangaji, kila nchi imelijibu kwa namna yake, na mimi nina upande.

Uingereza anayetoa kwa kawaida ni mwenye biashara aliye ndani ya jengo. Cape Town, Afrika Kusini, ni mwenye jengo. Eneo la kuboresha katikati ya jiji hilo lilianza mwaka 2000: wenye majengo walio ndani ya mpaka hulipa nyongeza juu ya kodi yao ya kawaida, jiji linaikusanya na kuipeleka kwa kampuni isiyo ya faida inayoajiri wafagiaji na walinzi wa mtaa. Mimi niko upande wa Cape Town. Mpangaji wako anaweza kuhama baada ya miaka miwili, akaacha nyuma barabara aliyoisafisha. Thamani iliyopanda inabaki kwenye hati yako. Toeni nusu kwa nusu, iandikwe kwenye mkataba wa pango.

Kupandisha pango kunaruhusiwa, ila sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 imeweka ukomo wa asilimia 10 kwa mwaka. Na nakusihi, usipandishe mwaka huo huo wanapochangia. Watahisi wamejifagilia ili watozwe zaidi, na watakuwa na haki kuhisi hivyo.

Tena nikwambie kitu kuhusu hiyo baraza yako. Nilikuja Jinja mara ya kwanza kununua vitambaa, mvua ya saa nane mchana ikanikuta Main Street na furushi kichwani. Nilitembea chini ya baraza zile za maduka yaliyojengwa na Wahindi, nguzo baada ya nguzo, furushi halikulowa. Mahali pamoja tu niliingia mvuani, kwa sababu mwenye jengo alikuwa ameziba sehemu yake kwa vyuma akaifanya stoo. Vitambaa vya juu vikachuja rangi. Mchango wako mkubwa kuliko pesa ni kuiacha baraza yako wazi na sakafu yake ilingane na ya jirani, mzee mwenye fimbo asijikwae. Hapo ndipo baraza la jiji nalo liingie: ramani ya zamani ya barabara iko kwao, na wao tu wanaweza kumwambia aliyeziba afungue.

*

Mama Hajati, shikamoo. Mimi nakaa Oli, Arua. Nauza samaki wakavu, angara na mukene, kwenye sinia, mbele ya duka la mtu, mwaka wa sita sasa. Mwenye duka hana neno na mimi, namfagilia mlango kila asubuhi. Sasa nasikia wenye maduka wanaunda umoja wa kuifanya barabara iwe safi, na mmoja alisema mbele yangu kwamba usafi unaanza na kuwaondoa wa masinia. Nina watoto wanne. Nifanye nini kabla halijanikuta?

Mama wa angara

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mapema, na hiyo peke yake imekupa nafasi.

Nikiri kwamba mipango hii ninayoisifu ina ubovu wake, na ubovu wenyewe ni huu ulioandika wewe. Uingereza kura kwa kawaida ni ya mwenye biashara aliye ndani ya jengo linalotozwa kodi ya biashara. Anayeuza kwenye meza barabarani hana kura. Basi wenye kura wakikaa wenyewe kuamua maana ya neno "safi," ni rahisi kumhesabu mtu pamoja na uchafu. Kampala tuliona Januari 2022 wachuuzi walivyoondolewa barabarani. Wengine walirudi baada ya muda, wakiwa wamepoteza mtaji. Kwa hiyo hapa baraza la jiji lina kazi ambayo naiona kubwa kuliko kufagia: kuhakikisha kamati ya barabara haigeuki kuwa mamlaka juu ya watu wasio na kiti ndani yake. Barabara ni ya umma. Duka lina mlango wake. Njia iliyo mbele ya mlango si ya duka.

Kuna mahali walijaribu kufanya vizuri, na kumbe ni katika bara letu hili. Durban, Afrika Kusini, karibu na stesheni, pana sehemu inaitwa Warwick Junction. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 halmashauri ya jiji iliwatuma maofisa wake wakae na wachuuzi, kundi kwa kundi, wawaulize wanachohitaji. Wauza dawa za miti shamba, ambao walikuwa wanakaa na kulala kando ya njia, wakajengewa soko juu ya daraja la barabara kuu lililokuwa halitumiki. Waliokuwa wakipika vichwa vya ng'ombe wakatengenezewa mahali penye maji na njia ya kutoa mafuta yasiingie mtaroni. Waliachwa pale pale mteja anapopita.

Hilo la mteja anapopita lizingatie sana, maana utaambiwa uende ndani ya soko. Pengine patakuwa pazuri, lakini kabla ya kukubali uliza ni kibanda cha chini au cha juu. Nawajua wanawake waliopewa nafasi ghorofani wakarudi barabarani, kwa kuwa mteja wa angara hapandi ngazi kufuata samaki wa elfu mbili.

Sasa la kufanya. Wiki hii, andikeni orodha ya wote wenye masinia na meza kwenye barabara hiyo: jina, anachouza, ameanza mwaka gani. Ipelekeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, aipige muhuri, nakala divisheni. Risiti zako zote za ushuru, hata zilizofifia, ziweke kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, kavu. Ndiyo ushahidi kwamba jiji limekuwa likipokea pesa yako. Kisha, msisubiri kuitwa na umoja wa maduka. Nendeni watu watatu, mkasema mnataka kiti kimoja kwenye kamati na mko tayari kuchangia, tuseme shilingi 500 kwa wiki kila mmoja. Mkiwa 40, hiyo ni 20,000 kwa wiki, na kwa mwezi ni pesa ya maduka manne. Anayechangia anaandikwa daftarini, na ni vigumu kumfukuza mtu aliye kwenye daftari lako.

Na kuhusu angara, niseme kama mama yako. Harufu yake mimi naipenda, nimekulia nayo, ila muuza vitambaa aliye karibu nawe haipendi, na hajakosea. Funika sinia kwa wavu, maji ya kuoshea usiyamwage mtaroni, magamba yawe na ndoo yake yenye mfuniko. Ukifanya hivyo mwezi mmoja, yule mwenye duka unayemfagilia atakuwa shahidi wako. Mwombe aje kwenye kikao aseme neno. Sauti ya mwenye duka kutoka upande wenu itasikika kuliko zenu kumi. Si haki, lakini itumieni.

Niandikie tena wakikujibu. Nitakuja mwenyewe kukaa nawe kikaoni kama ni siku ya Jumanne au Alhamisi.

*

Hajati, sisi ni vijana sita tunalinda maduka usiku Mbale, tumeajiriwa na umoja wa wafanyabiashara. Mwenyekiti wa umoja anasema baraza limeturuhusu kuwakamata wanaotupa takataka na kuwatoza faini ya 10,000 papo hapo. Je, ni kweli?

Mlinzi, Mbale

Kijana wangu, kataa. Faini hutozwa kwa sheria, na mtu mwenye mamlaka, kwa risiti ya serikali. Umoja wa maduka hauwezi kukupa mamlaka usiyokuwa nayo, na baraza haliwezi kuyatoa kwa mdomo. Mwombe mwenyekiti akuonyeshe karatasi. Hakuna karatasi, hakuna faini. Ukimkuta mtu anavunja duka, raia yeyote anaweza kumzuia na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumpiga, hapana, hata kama mwenye duka anakuhimiza, kwa sababu kesho yake utakayesimama kizimbani ni wewe.

Na wenye umoja wajue kwamba kampuni ya ulinzi inahitaji leseni ya polisi. Kama nyinyi sita hamna kampuni, umoja uende kwa mkuu wa polisi wa eneo uwatambulishe kwa majina na picha, mjue mpaka wa kazi yenu. Halafu chukueni rangi, muandike namba ya simu ya kituo ukutani kwenye kibanda chenu, tarakimu kubwa, upande ule taa inapomulika.